Pacha Mmoja Anarudi na Daftari, Mwenzake na Udongo

Shangazi mshauri, shikamoo. Niamulie kabla sijajiaibisha mbele ya mwalimu, maana Jumatatu nimeitwa shuleni na mdomo wangu naujua.

Nina mapacha wa kike wa miaka saba, mmoja tunamwita Redio kwa sababu hazimiki, anasoma chochote hata pakiti ya sabuni, na mwenzake ni Bi Mkubwa, mtaratibu, akizitazama herufi utadhani ni wageni walioingia bila hodi, na walikuwa wanakaa dawati moja mpaka alipokuja huyu mwalimu mpya akawatenganisha, Redio akaenda meza ya wanaosoma hadithi, Bi Mkubwa akapelekwa meza ya kufinyanga herufi kwa udongo na kuziimba huku wakipiga makofi, sasa Shangazi, mmoja anarudi na daftari limejaa, mwingine anarudi na udongo kwenye kucha, mimi nijisikieje? Mama mkwe alipoona akasema, "Kumbe siku hizi mtoto anapigiwa pasi yunifomu aende kuchezea matope!"

Basi kila jioni nikishainuka kwenye cherehani nawaweka wote mezani, kitabu kimoja, ukurasa mmoja, kwa sababu nimewazaa siku moja na sitaki upendeleo. Redio anamaliza kabla sijabandika sufuria. Bi Mkubwa analia, na mimi nakaribia kulia. Juzi nikamwambia, "Mwanangu, nisomee basi neno hili moja tu." Akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, kwa mwalimu najua. Kwako ndiyo sijui."

Baba yao alicheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka. Je, nidai warudishwe pamoja, au nikae kimya mwanangu aitwe mzito?

Mama Mapacha, fundi cherehani

*

Mama Mapacha, marahaba, na pole kwa uchovu. Sasa kaa nikuseme kidogo.

Wakija kwako wateja wawili siku moja, mmoja mnene na mmoja mwembamba, unawakatia gauni la kipimo kimoja ili usionekane na upendeleo? Si unachukua futi, kila mtu na kiuno chake? Basi huyo mwalimu ameshika futi. Wewe jioni unashika mkasi tu.

Mtoto amekwambia anajua, nawe hukumuuliza anajua nini! Na hilo neno "mzito" nimelitafuta kwa mwalimu sijaliona, hata kwa mama mkwe sijaliona. Nimelikuta kwako. Litupe leo.

Futa hilo darasa la jioni. Ukikanda unga, mkatie Bi Mkubwa donge, afinyange neno analolitaka yeye, halafu wewe ndiye umsomee. Ukikosea akucheke. Redio usimwache karibu, atamjibia dada yake kila kitu. Mpe kazi ya kumsomea bibi yake gazeti zima, pamoja na matangazo, na hapo mama mkwe hatapata nafasi ya kuulizia matope.

Jumatatu nenda, na usidai kitu. Omba kiti kwenye meza ya udongo, kaa na mwanao, finyanga, imba, piga makofi hata kama kuna wazazi wanachungulia dirishani. Mwache yeye akufundishe.

Na mkirudi nyumbani, usikimbilie kunawa. Kaeni pamoja mezani na hizo kucha zenu, mama mkwe azione zote ishirini.