Mti Wenu Hauna Miguu

Debre Markos, Gojjam
Tikimt 14, 2011

Etagegn, mti haukatwi! Mkaratusi wa Yitayal umesimama, na aliyeusimamisha ni mimi dada yako, mwanamke wa darasa la nne.

Mpendwa mdogo wangu, nisamehe kwa kuanza na kelele kabla ya salamu. U hali gani? Mguu unaendeleaje, na joto la Dire Dawa linakuacha ulale? Sisi wazima wa mwili tu. Tangu tumzike mwanangu Yitayal, kila asubuhi nakaanga kahawa, namimina vikombe viwili, ndipo nakumbuka.

Najua ulilia kwa kukosa maziko. Homa ilimchukua kwa siku nne. Watu walijaa kanisani hadi nje ya uzio. Niambie, ni mwalimu gani wa hisabati analiliwa hata na wale aliowafelisha?

Sasa habari ya mti. Shemeji yetu Dagnachew alikuja na shoka, anataka kuni za karamu ya arobaini. Upande mmoja kuna tefi ya jirani haijavunwa, upande wa pili nyumba ya kasisi, kwa hiyo mti ungelazwa uani kwetu, kuelekea chumba cha Yitayal. Humo sijagusa kitu. Kitanda chake, vitabu vyake, madaftari ya watoto aliyokuwa hajamaliza kusahihisha.

"Hautafika chumbani, shemeji. Nimeanza kukata miti hujaolewa."

"Macho yako hayamwoni mbuzi wako akila shamba la watu," nikamwambia, "ndiyo yaone urefu wa mti?"

Nikawaita wanafunzi wa mwanangu. Walikuja na vile vifaa alivyowafundisha kutengeneza: nusu duara ya boksi, mrija, na uzi wenye kijiwe. Mimi navijua, maana kila somo alilijaribu kwangu kwanza, penye kahawa. Unachungulia kilele kwenye mrija. Uzi ukigusa digrii arobaini na tano, umbali wako mpaka kwenye mti ni sawa na urefu wa mti kutoka usawa wa jicho lako kwenda juu. Vitabuni wanaiita tanjenti. Mkaguzi wa wilaya alikuja kuwatazama wakipima mnara wa kanisa, akaondoka anakuna kichwa. Mwanangu huyo!

Zinash, binti wa muuza pombe, akachungulia huku akirudi nyuma. Uzi ulipogusa arobaini na tano, alikuwa amebakiza hatua moja kufika ukuta wa chumba. Wakavuta kamba: mita ishirini na sita.

"Unaishia hapa miguuni pangu," akasema. "Ukutani haufiki."

"Si nilisema?" Dagnachew akadaka. "Leteni shoka!"

Mimi hata sijui sauti ilitoka wapi. "Mti wenu hauna miguu!"

Ni maneno ya Yitayal, Etagegn. Ndivyo alivyowatania kila waliposahau kuongeza kipande cha kutoka jichoni hadi ardhini. Zinash akaweka kifaa chini, akalia, na wote wakalia. Hata Dagnachew alijifunika shuka usoni.

Kisha wakampima Zinash kutoka kisigino hadi jicho: mita moja na sentimita arobaini. Ile hatua moja haikufika hata mita. Kilele kingelala juu ya kitanda cha mwanangu.

"Kumbe amenishinda hata akiwa udongoni," Dagnachew akasema, akabeba shoka lake.

Usidhani nimefurahi sana. Mti umeongezeka karibu mita nzima tangu Yitayal alipoupima mwaka jana. Yeye amebaki palepale, miaka ishirini na sita.

Kuni usihofu, kila mwanafunzi ataleta mzigo wake.

Msalimie sana shemeji Gebeyehu, na mabinti wote wawili, na yule mama jirani aliyekushika siku ya habari. Bikira Mariamu awafunike kwa shela yake, njiani na nyumbani.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa sina la kusema,
Wubalem

Safari hii, mdogo wangu, njoo hata kwa fimbo. Yitayal alipobatizwa siku yake ya arobaini, wewe ndiye uliyembeba kanisani, na mkono wako ndio uliopanda ule mti jioni yake. Arobaini ya pili ni Tikimt 29. Tunawangoja nyote.