Kombe Zilizofungwa na Zilizofunguliwa, Sori

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituo cha polisi, Homa Bay, Ijumaa tarehe 25 Machi 1966, kuanzia saa nne asubuhi.

Jina: Cephas Nyangweso Ogola
Umri: miaka 52 kwa hesabu ya mama, aliyesema nilizaliwa mwaka ule Wajerumani na Waingereza walipopigana Kisii
Kazi: mvuvi na fundi wa mitumbwi, zamani askari wa K.A.R., Burma
Makao: Sori, Karungu, Wilaya ya South Nyanza
Uhusiano na mshtakiwa: baba yake mdogo

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Ninasema kwa Kiswahili na sihitaji mkalimani. Kiswahili nilikipata jeshini, nikakisema Burma mpaka wenyeji wa huko wakaanza kunijibu kwa hicho hicho. Shule nilifika darasa la tatu, mwalimu akakosa la kuniongeza. Konstebo Mwikwabe ameniambia nieleze habari ya kombe peke yake. Sawa, naeleza ya kombe.

Kombe ni yule mnyama wa ziwani mwenye maganda mawili, analala kwenye mchanga na matope. Nyama yake tunawapa bata, na mwenye njaa hula. Biashara ni ganda. Lori huja kutoka Kisumu kubeba magunia, maganda yanasagwa, yanakuwa chakula cha kuku wa kizungu. Kazi hii Sori ni ya wanawake, maana mwanaume akionekana anachota kombe atachekwa mpaka azeeke. Mimi sichoti. Mimi nabeba kwa mtumbwi wangu, na kutoka Sori mpaka Muhuru hakuna mtumbwi unaoufikia kwa ukubwa.

Mshtakiwa Rispa Akoth ni binti wa marehemu kaka yangu Javan. Kwetu mtoto wa kaka ni mtoto wako, hakuna cha mdogo hapo, naye ananiita baba. Ni mjane wa watoto watatu. Kibali cha wanawake wote wa Sori kiko kwa jina lake kwa sababu yeye ndiye asiyeogopa ofisi.

Tulikuwa na sheria na tulizishika. Huvui bila kibali. Hutumii reki wala chuma cha kukokota, ni mikono yako tu. Tena kuna pete. Pete ni duara la chuma ambalo Bwana Samaki, yaani afisa wa uvuvi Bwana Mochama, alimpa Rispa mkononi. Kombe ikipita katikati ya pete, huyo ni mtoto, arudi majini. Rispa aliifunga pete kwa kamba akaivaa shingoni. Wanawake walimtania, "Rispa, serikali imekuoa?" Akawajibu, "Huyu angalau halewi."

Mwaka jana watu wa lori walikuja na reki zao za chuma wakakokota mchana kutwa, kombe wakubwa kwa watoto. Nilikwenda mwenyewe kwa Bwana Samaki kusema. Akacheka, akaniambia, "Radio, leo unatangaza nini?" Radio ni jina wanaloniita kule, kwa sababu nimewahi kusimulia kwamba nilimshika kiboko mkia nikamrudisha ziwani. Jambo hilo ni kweli lakini halimo katika kesi hii. Bwana Samaki hakuja. Siku aliyokuja, mchanga ulikuwa na mistari tu, kama kichwa kilichochanwa. Hakuna mtu wa lori aliyelala ndani hata usiku mmoja. Hilo naomba liandikwe, hata kama halitasomwa.

Mnamo tarehe 26 Februari, Jumamosi, saa tano hivi, Bwana Samaki alifanya baraza mbele ya banda la samaki Sori. Ni kijana wa Kisii aliyesomea mambo ya samaki huko pwani, na Kiswahili chake kinapita mbio kama omena, wale dagaa wa ziwani. Alisema kombe zinakwisha. Akasema wakati wa mvua ndipo zinapozaa, na kwamba kitoto cha kombe kikizaliwa hupanda shavu la samaki, kikakaa humo kikinyonya, halafu kikashuka mchangani kuanza maisha yake. Watu wakacheka. Mimi nimesimulia mengi katika nchi hii, lakini la kupanda shavu la samaki kama mtu anavyopanda lori sijawahi kulithubutu. Konstebo ananiambia ni kweli, liko vitabuni. Kama ni kweli basi linaniuma zaidi, kwa ajili ya hayo yaliyofuata.

Baadaye Bwana Samaki akasema maneno haya: "Kuanzia tarehe mosi Machi mpaka mwisho wa Juni, kombe za Sori zimefungwa. Atakayeshikwa na kombe zilizofungwa, atafungwa yeye."

Rispa akainua mkono. "Na zilizofunguliwa, bwana?"

Akajibu, "Zilizofunguliwa chukueni, hiyo ni haki yenu. Mradi pete itumike."

Leo Bwana Samaki anasema alikuwa na maana ya sehemu za ziwa, kwamba upande wetu wa Sori umefungwa na upande wa Muhuru umefunguliwa. Labda moyoni ndivyo alivyokuwa. Lakini neno Muhuru halikutoka mdomoni mwake siku ile, na mimi nilisimama karibu naye kama kutoka hapa mpaka dirisha lile.

Sabchifu Elijah Okuta akageuza kwa Kijaluo: "Molor kik ukaw. Moyaw to kaweuru." Maana yake, iliyojifunga msichukue, iliyo wazi chukueni. Ndivyo tunavyosema mlango, na ndivyo tunavyosema mdomo wa kombe. Ziwa kwetu halifungwi. Nani ana kufuli lake?

Baraza lilipokwisha wanawake walinizunguka. Shemeji yangu Filister akaniuliza, "Shemeji, wewe wa Burma, ndivyo alivyosema?" Nikasema ndivyo. Na ndivyo alivyosema.

"Sasa kombe hai nani amewahi kuikuta imefunguka?"

Mwingine akamjibu, "Utaifungua wewe. Kwani kisu chako ni cha kukata kucha?"

Rispa ndiye aliyetafuta sababu. Alisema labda ile iliyofungwa inaoza njiani, na kuku wa wazungu wanaugua. Tukaona ina akili. Serikali ikitoa amri, mtu wa chini huitafutia akili mwenyewe, maana haambiwi.

Kuanzia tarehe mosi Machi kazi ikawa mateso. Zamani walichota, wakapima, wakamwaga ufukoni, jua likafungua lenyewe. Sasa ilibidi zifunguliwe ndani ya maji, kwa sababu ikitoka majini imefungwa, umeshavunja sheria. Wanasimama maji ya kiuno na visu. Kombe hai inaziba kama ngumi ya mchoyo, kisu kinateleza kinaingia kiganjani. Na maji ya mvua ni tope tupu. Huwezi kupima kwa pete chini ya maji, lazima uinue juu uone, na kuinua ikiwa imefungwa ni kosa. Kwa hiyo walifungua kwanza, wakapima baadaye. Ndogo ikipita kwenye pete, waliirudisha ziwani kama walivyoagizwa. Imekwisha kufunguliwa, utumbo uko nje.

Siku moja nilimwona Rispa akiirudisha moja ndogo kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Akaiambia, "Nenda ukue." Halafu akanitazama mtumbwini. "Baba, hizi zitaishi kweli?"

Nikamwambia kwamba Bwana Samaki amesoma, sisi kazi yetu ni kutii.

Tulitii. Watu wa reki walikuwa wameacha kombe mahali pa mawe, ambapo chuma hakipiti. Sisi tulipita. Hakuna jiwe ambalo mkono wa mwanamke hauzunguki. Baada ya majuma mawili ufuko ulinuka mpaka kanisani, mchungaji akahubiri na leso puani.

Mnamo tarehe 22 Machi, Jumanne, saa tatu asubuhi, Bwana Samaki alifika na askari wawili wa uvuvi. Wanawake wengine walipoona kofia walipotelea kwenye matete. Rispa hakukimbia. Alitoka majini na kikapu kichwani, akakitua mbele yake, na alikuwa anacheka kwa furaha. Nasema furaha, siyo dharau, na mimi ndiye niliyemlea. Alisema, "Karibu bwana! Tafuta mwenyewe. Hata moja iliyofungwa hutaikuta."

Bwana Samaki aliangalia kikapu. Akaangalia maji. Ndogo zilizokufa zilikuwa zimesukumwa na mawimbi, nyeupe ufuko mzima, nyingine kama ukucha wa mtoto. Akachota kiganja, akakaa kwenye ukingo wa mtumbwi wangu kama mtu aliyepigwa na jua. Kijana huyu anapenda kombe, hilo sitalificha. Macho yake yalilowa.

Akasema, "Unanicheka?"

"Hapana, bwana. Zote zimefunguliwa, kama ulivyosema."

"Nani amewafundisha ukatili huu?"

Rispa akasema, "Wewe."

Neno hilo ndilo lililompeleka ndani. Hakulisema kwa jeuri. Aliulizwa, akajibu. Bwana Samaki akasimama, akaamuru akamatwe. Akaikata ile kamba shingoni mwake kwa kisu, akachukua pete yake. Alipoinua mikono afungwe pingu, damu ya viganja ilishuka mpaka kwenye viwiko. Naomba hakimu aitazame mikono ya mtoto huyu. Anayetaka kuharibu ziwa la serikali huleta reki. Hajikati viganja majuma matatu.

Nilisema palepale, "Bwana, ulisema zilizofunguliwa tuchukue, mimi nilisikia." Askari mmoja akamwambia mwenzake, "Huyo ndiye wa kiboko." Wakacheka, wakaondoka naye.

Nilikwenda kwa Sabchifu Elijah. Tumebatizwa siku moja, mimi na yeye. Akaniambia, "Cephas, mimi nina kazi ya serikali. Sikumbuki niligeuza vipi." Nilikwenda kwa Filister. Alikuwa amefunga viganja kwa matambara, akasema ameungua na sufuria. Akasema, "Shemeji, ukitaja kwamba tulikuwa wengi, tutafungwa wengi. Yeye tayari yuko ndani." Sikumtukana. Ana mimba.

Naambiwa Jumatatu Rispa anapelekwa kwa hakimu, na shtaka siyo kuvua wakati wa marufuku peke yake, ni kuharibu mazalio ya kombe kwa makusudi, kwa chuki. La kwanza ni faini. Hilo la pili ni jela, na mvua imeshanyesha na shamba lake halijaguswa jembe. Mtoto wake wa mwisho analala na mke wangu Phelesia. Mlango ukilia usiku, anaketi.

Hakuna aliyefanya kwa chuki. Alifanya kwa amri. Hayo ndiyo yaliyonitoa Sori, nikatembea mpaka nikapata lori la pamba, nikalala sokoni hapa Homa Bay ili niwe wa kwanza mlangoni.

Konstebo amenisimamisha hapa. Ameniuliza kama ninajua kwamba mtumbwi uliobeba kombe hizo ni wangu, na kwamba nimesema mwenyewe niliwathibitishia wanawake maana ya maneno yale. Nimejibu najua. Ameniambia kwa Kiswahili chetu cha kijeshi, "Mzee, naweza kuruka hapo. Sema ulisikia tu, ukaenda nyumbani."

Nimemwambia: afande, wewe ni Mkuria na mimi ni Mjaluo, na umenionea huruma kuliko sabchifu wangu, asante. Lakini nikisema sikuwa na mtumbwi, hakimu atauliza nilijuaje kwamba waliirudisha ndogo majini. Nikisema sikuwathibitishia, itaonekana Rispa alibuni mwenyewe. Kipande ukikitoa, chote kinakuwa hadithi ya Radio. Nimesimulia Sori miaka ishirini na hakuna aliyewahi kunitaka niape. Leo nimeapa. Andika.

Ameandika.

Niliyoyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio yangu yameishia hapa, sikuongeza na sikupunguza.

Sahihi: C. Nyangweso
(Shahidi ameletewa wino wa dole gumba, amekataa, ametia sahihi kwa kalamu.)

MAELEZO YA AFISA: Mimi, Konstebo Mwikwabe, nimeandika maelezo haya kama yalivyosemwa, nimemsomea shahidi, naye amekubali ni sawa. Ameomba maneno "zilizofunguliwa chukueni" yapigiwe mstari, nimeyapigia. Saa saba mchana, kwa amri ya mkubwa wa kituo, shahidi amefunguliwa shtaka la kubeba kombe wakati wa marufuku na kuhimiza wengine, na amewekwa ndani. Mtumbwi wake ulioko Sori utazuiliwa. Alipoonywa kisheria na kuulizwa kama ana la kusema, alisema: "Kwa hiyo yule mtoto anatoka saa ngapi?"