Busara ya Dakika ya Mwisho

Jumapili, 3 Machi

Tumefungwa tena kwenye mpira wa kikapu. Kwa pointi moja! Mume wangu, Baba Pacha, karuka kufunga, jamaa wa timu ya benki kampiga kikumbo mbele ya uwanja mzima, na refa anaangalia tu kama mtu anayesubiri chai. Mwanzo wa mechi ukimpumulia mwenzako ni faulo. Dakika ya mwisho, hata umvunje mguu — mchezo uendelee!

Nilimfuata huyo refa. Eti mechi ikibana, yeye hutumia busara. Busara! Nikamwambia hiyo busara akanunulie miwani. Watu hoi kwa kicheko. Kuanzia leo jina lake ni Bwana Busara.

Timu yetu ya gereji imebakiza mechi moja. Wakifungwa na hiyo, wanashuka daraja. Baba Pacha ndiye nahodha. Chakula hajagusa.

Jumatano, 6 Machi

Bwana Busara kaja saluni, mbele ya wateja wangu! Kuna mafunzo ya marefa, anasema, njoo upulize filimbi wewe, mama. Mteja niliyekuwa nimemsuka nusu kichwa akadakia: nenda, utuondolee aibu.

Naenda. Mimi si wa kutishiwa filimbi.

Jumamosi, 16 Machi

Nimefaulu. Na mafunzo yenyewe? Kupuliza, kukimbia kinyumenyume, kuinua ngumi juu kuonyesha faulo. Mkufunzi anasema si kila kuguswa ni faulo, tazama kama kumemzuia mchezaji. Nani anajua kama kumemzuia? Wewe. Na nikikosea? Akasema, basi utakuwa refa kamili.

Narudi nyumbani, nahodha yuko kwenye godoro anajifunza kuanguka, eti kama kachezewa faulo. Wallahi! Anajirusha, anashika mkono, anatoa mguno wake — uleule wa nikimwomba aoshe masufuria, mgongo unapomkamata ghafla. Pacha wanampa alama. Nimecheka hadi machozi.

Jumapili, 17 Machi

Leo mwandiko wangu hausomeki.

Refa wa pili, wa kuchezesha na Bwana Busara, hakuja, ana homa. Bila marefa wawili hakuna mechi, na bila mechi timu zote mbili zinashuka. Nahodha wa wapinzani wetu, waoka mikate, akanitazama, akasema haya, mama achezeshe, hatuna ujanja. Baba Pacha akanikonyeza. Mbele za watu! Hasira zikanipanda. Nikaapa kimoyomoyo: leo hupati upendeleo hata chembe.

Nilichezesha vizuri, nasema ukweli. Hata Bwana Busara alinitikisia kichwa kutoka upande wake. Mpaka sekunde za mwisho. Gereji wako nyuma kwa pointi moja, Baba Pacha anaruka kufunga, mwoka mikate mmoja mwenye mikono mipana kama milango anaruka naye. Mkono ukashuka. Uligusa mpira? Uligusa mtu? Nilikuwa karibu kuliko wote na sikuona! Nilichosikia ni mguno. Ule wa masufuria. Nikajisemea, leo umenoa, baba.

Filimbi mdomoni. Sikupuliza.

King'ora kikalia. Gereji wameshuka.

Kuna mwanamke jukwaani akapiga kelele nikanunue miwani. Uwanja ukacheka, kicheko kilekile. Bwana Busara peke yake hakucheka. Alikuja akanishika bega, akasema pole, mwenzangu. Mwenzangu! Afadhali angenitukana.

Sasa tuko nyumbani. Pacha wamejibanza kwenye kochi, hata televisheni hawajawasha.

Nasikia maji jikoni. Nimechungulia. Baba Pacha anaosha masufuria. Sijamwomba! Anaosha kwa mkono mmoja. Ule mwingine kauweka kifuani, na kifundo kimevimba, kimejaa kama andazi.

Nimemuuliza: ni kupigwa, au uliuangukia? Anazidi kusugua. Nimemwambia nionyeshe, twende hospitali. Anasema hauumi, Mama Pacha, kalale.

Sufuria kubwa limemponyoka, kaunyoosha ule uliovimba kulidaka, likauangukia. Nimeona uso wake ukijikunja kwa maumivu.

Hakuguna.