Baiskeli Yako Imempeleka Mama Maneromango

Msanga, Kisarawe
9 Machi 1953

Baba yangu,

Shikamoo. Naahidi kukueleza yote leo.

Mama ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, na mtoto hatoki. Mkunga amesema kazi hii imemshinda, apelekwe hospitali ya misheni Maneromango upesi. Shangazi alikataa. Alisema mjane aliye edani hatoki nje, sembuse kupandishwa baiskeli. Maalim wa chuo cha Kurani akamjibu taratibu kwamba dharura ina hukumu yake, tena eda yenyewe itakwisha saa ile Mama atakapojifungua. Shangazi akaenda kumtafutia ushungi.

Tukaitoa baiskeli yako. Tangu tulipokuzika ilikuwa imeegemezwa ukutani, upande wa jua, na tairi la nyuma limesinyaa kabisa. Baba Mdogo alitaka kubandika kiraka, lakini tulipolichomoa gurudumu na kuuzamisha mpira wa ndani katika karai la maji, hatukuona povu popote. Nikakumbuka ulivyozoea kusema, "Usimsingizie mwiba, itazame vali kwanza." Nikaifungua. Kile kimpira chembamba kinachovikwa vali ili upepo usirudi nje kilikuwa kimepasukapasuka kama kisigino cha mkulima.

Shangazi akasema, "Mwachieni baba yake mdogo. Huyu kasoma vitabu, hajasoma baiskeli."

Nilikata kimpira kipya, nikakilowesha kwa mate kama ulivyokuwa ukifanya, nikakivika. Nikapapasa tairi kwa ndani, hapakuwa na mwiba. Baba Mdogo akapiga pampu. Nikatia mate juu ya vali, nikangoja, hayakutoa povu. Nikalirudisha gurudumu mahali pake, nikakaza nati zake pande zote mbili, nikalizungusha. Lilikwenda sawa, Baba, lakini kila lilipozunguka lilitoa mlio mdogo: ti. Nilitaka kulifungua tena. Mama akalia ndani, Baba Mdogo akasema hakuna wakati.

Wakampandisha kwenye keria, juu ya mto. Baba Mdogo akawa anasukuma, Shangazi kamshika Mama kiunoni. "Shemeji," Baba Mdogo akamwambia, "ukianguka usiniangukie mimi, nina mke."

Mama akacheka huku machozi yakimtoka. "Wewe sukuma tu."

Wakaondoka.

Sasa jua limepita utosini na mawingu ya masika yamejaa upande wa Maneromango. Wewe unaijua njia ile. Wadogo zangu nimewapa uji, nimewaambia Mama amekwenda kuchukua mtoto. Mtu akipita njiani, roho yanipaa. Nikifumba macho naliona gurudumu likichomoka, Mama yuko chini, na ni mimi niliyelikaza. Wewe umekwenda. Yeye pia... siwezi kuliandika.

Hata hivyo natumaini. Huenda kesho akarudi amevua nguo nyeupe za eda, amembeba mdogo wetu. Nakuahidi mtoto huyo atazijua habari zako kabla hajajua kusema, nami shule sitaiacha. Mungu akunurishie kaburi lako. Kwa heri, Baba, mimi ni mwanao Zuhura.

Ila nijibu leo hii, hata nikisinzia hapa kizingitini nikuone ndotoni: mlio ule ulikuwa wa spoku iliyolegea tu, au wa nati?