Gololi Nyeusi kwa Kaka Karimu

Fordsburg, Johannesburg

Kaka Karimu,

Shikamoo. Sisi ni wazima, na mke wangu Nomsa anakusalimu. Jumamosi nilipata sokoni Newtown barua nyingine ya chama cha udugu, ya mwaka 1911, wino wake ungali mweusi. Ni kama zile barua ulizozicheka kwenye simu: "Msomi mzima anaokota karatasi za Wazungu waliokufa!" Ukacheka, kisha papo hapo ukaomba kulala kwangu mwezi mmoja, utibiwe macho kabla hayajazima kabisa.

Ningekujibu kwa simu, lakini karatasi hizo zimenifunza utaratibu bora. Katika vyama vile, mtu hakuwa ndugu kwa sababu ya kuzaliwa. Wanachama walipiga kura kwa gololi: nyeupe kukubali, nyeusi kukataa, na nyeusi moja ilitosha. Hakuna aliyedaiwa sababu.

Nasi tulipiga kura mezani. Nomsa alitia nyeupe, kisha akaiona yangu, nyeusi.

"Eish, Jumbe! Si huyu ndiye aliyekulea?"

Nikamjibu kwamba malezi si hoja.

Samira, wewe unayemsomea baba yako barua hii, usiruke mstari. Toa gololi iliyomo ndani ya bahasha, umwekee kiganjani. Huna haja ya kuiona, kaka. Ina pengo ubavuni. Ndiyo ile uliyojifanya umeshindwa mchezoni ili niichukue, jioni tuliyotoka kumzika mama, nikaacha kulia.

Mdogo wako, kwa kuzaliwa tu,
Jumbe