Macho ya Mdogo Wangu Yamegeuka Manjano

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, nina jambo limenikaa kooni. Mimi ni fundi cherehani, naishi na mdogo wangu ambaye anaolewa mwezi ujao na gauni namshonea mwenyewe, sasa wakwe walipokuja kututembelea, shangazi wa mchumba wake akasema mbele ya watu kwamba bibi harusi ni mzuri ila picha zitatoka giza, watu wakacheka, mdogo wangu naye akacheka, lakini kesho yake akarudi na kopo la vidonge kutoka saluni, eti ni vya lishe, vinang'arisha ngozi kutokea ndani, akaniapisha nisimwambie mama.

Nikanyamaza. Sasa hali chakula, anajikuna mwili mzima, kiuno cha gauni nakipunguza kila akilijaribu, na juzi kitambaa cheupe kilipofika shingoni nikaona macho yake ni manjano. Nilipomwambia, alisogea kwenye kioo akatabasamu.

"Dada, si ndiyo rangi inaanza kufunguka?"

Nikisema, nitamharibia harusi na hatanisamehe. Nikinyamaza, naogopa. Nifanyeje?

Fundi

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu, pole. Lakini mgonjwa yuko chumba cha pili, nawe unakaa kuniandikia barua? Ndiyo maana sikuingoja zamu yako, nilikupigia simu papo hapo nikakwambia umpeleke hospitali, na kopo ulibebe. Ulinisikiliza. Daktari amekuta ini limeumia, amemlaza, vidonge amevipiga marufuku, na anasema mmewahi. Haya nayachapisha kwa ruhusa yako, kwa ajili ya wenye makopo ya namna hiyo kabatini. Macho yakiwa manjano, huo si weupe. Usimwongezee mgonjwa dawa ya jirani, mpeleke akapimwe.

Unasema amekugeuzia uso ukutani. Mwache. Mama mwambie leo, kwa mdomo wako, asisikie kwa watu. Mchumba naye mwite, aje amwone alivyo, na habari za shangazi yake azisikie hapo hapo kitandani. Akiahirisha harusi kwa upendo, vizuri. Akikimbia, mmejua mapema.

Na kile kiapo, mwanangu, usikililie. Kaa kando ya kitanda, mpe maji, akikununia nawe nyamaza. Heri akununie miaka kumi, mradi yupo wa kununa.