Mama wa Watu Wote

Minto, Sydney

Mdogo wangu Mwakio,

Hujambo, na wa nyumbani kwako hawajambo? Mgongo wa mkeo umepata nafuu? Mimi nipo, namshukuru Mungu, ila baridi ya huku mwaka huu imeniingia mpaka kwenye meno. Nakuandikia kwa sababu kila nikimtaja Mama kwenye simu unasema mtandao ni mbaya. Barua haina mtandao. Kaa chini uisome mpaka mwisho, halafu ndiyo ukasirike.

Najua kinachokuchoma. Siku tuliyomzika Baba, yule kijana aliyemzaa nje alisimama mbele ya watu akamwita Mama "mama," naye Mama akaitika, akamshika mkono, akamkalisha pamoja nasi. Tangu siku hiyo hujakanyaga kwa Mama. Unapita langoni pake na pikipiki yako kama hapana mtu, na ukilazimika kumtaja unasema Agnes. Agnes, kana kwamba unamsema mwenye duka. Dada yetu Mghoi ndiye aliyeniambia, na usimnunie.

Sasa nikupe habari za hapa. Bado nafanya ile kazi ya kutunza wazee majumbani, na mwaka huu ejensi ilinipeleka kwa bibi mmoja Mhindi aliyezaliwa Fiji, jina lake Sushila. Alikuwa wa wale Wahindu wanaomwabudu Krishna, wanaoitwa Vaishnava. Hawali nyama wala kitunguu, na chakula hakionjwi mpaka kwanza kitolewe kwa Mungu wao. Akili ilikuwa imeshaanza kumtoka. Ejensi ilisema tumwite kwa jina lake tu, ndivyo wanavyofanya huku. Ulimi wangu ulikataa. Mtu wa umri wa bibi yetu nimwambie Sushila, geuka nikuogeshe? Nikawa namwita Mama, lakini hakuitika hilo wala Sushila. Alikuwa anafumba mdomo tu, uji unammwagikia kifuani.

Siku moja wenzake wa hekaluni walikuja kumwona. Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe aliinama kitandani akasema, "Mataji." Bibi akafumbua macho, akaunganisha viganja, akatabasamu. Nikaelezwa kwamba kwao mwanamume humwita kila mwanamke hivyo, yaani mama, awe kikongwe au msichana, ili amheshimu kama aliyemzaa. Ila mkewe tu hamwiti hivyo. Basi yule mzee akanigeukia, "Asante kwa kumtunza, Mataji." Nikatazama nyuma nione anaongea na nani. Mimi, Mwakio, nisiye na mtoto, naitwa mama na mtu mwenye mvi. Sikufichi, nilikwenda jikoni nikalia kidogo. Kuanzia hapo na mimi nikamwita Mataji, na uji ukawa unashuka.

Asiyemwita hivyo alikuwa mwanawe wa pekee, Rakesh, ambaye ndiye mwenye nyumba. Yeye alisema Sushila. Nilidhani ni mazoea ya huku, mpaka aliponisikia nikisema Mataji, akabwaga kikombe mezani chai ikamwagika. Akaniambia alikulia hekaluni, mama yake akiwa mpishi. Kutwa nzima ni Mataji huku, Mataji kule, naye anawaitikia wote na kuwauliza kama wamekula. "Mimi nilikuwa naita mama, hageuki, kwa sababu kuna mwingine ameshamwita," alisema. "Kila mtu alikuwa na mama yangu ila mimi." Alipobalehe akaacha kuita. Akashika Sushila mpaka uzeeni. Nilipomsikiliza, nilikuwa nakusikia wewe, na hasira zilinipanda kwa ajili yenu nyote wawili.

Mwezi uliopita bibi alirudishwa kutoka hospitali amebaki mifupa. Daktari alisema dawa zimefika mwisho, apumzike tu nyumbani. Rakesh akavuta kiti akakaa kando ya kitanda. Akaita Sushila, kimya. Akaita mama kwa lugha yao, bibi anatazama dari. Akanitazama mimi. Sikumwambia kitu, kwa kuwa alilijua mwenyewe lile neno. Mwishowe akainamisha kichwa kama wale wa hekaluni, akasema, "Mataji."

Bibi akafumbua macho. Akaunganisha viganja, akamjibu Prabhu, ambalo ni jina la heshima wanalowaita wanaume wao, kama alivyozoea kumjibu mgeni yeyote. Akamuuliza kama amekula. Kisha, kwa upole kabisa, na kwa Kiingereza kwa hiyo nilisikia kila kitu, akamwambia, "Samahani, usikalie kiti hicho. Mwanangu anatoka shule sasa hivi, hapo ndipo pake."

Rakesh akainuka. Mwanamume mwenye kipara, alisimama ukutani akakiacha kiti kitupu, na siku zote zilizobaki hakukikalia tena. Bibi alifariki wiki ile ile. Waliokuja kumlilia kwa kumwita mama walijaa mpaka barabarani. Rakesh alikaa nao.

Sikulazimishi umpende yule kijana wa Baba. Hata mimi moyo wangu haujamzoea. Lakini kuna jambo ambalo Mghoi sijamwambia. Jumapili nilimpigia Mama, tukaongea vizuri tu, mvua, mahindi, kwaya ya kina mama. Halafu akaniuliza kama umeshaoa. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, Mwakio. Mama aliyecheza kwenye harusi yako mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka. Nikamwambia nimeitwa kazini.

Nisalimie mkeo na watoto, uwaambie shangazi yao hajawasahau. Msalimie Mghoi, na shangazi yetu wa Mwatate, na mchungaji aliyemzika Baba. Yule kijana mkikutana msalimie, au pita zako, hiyo ni juu yako.

Mama usimpelekee salamu zangu kwa simu. Zima pikipiki langoni, uingie ndani, umwite mama, na ukae kabla hajakuuliza wewe ni mtoto wa nani.

Dada yako anayekupenda,
Wakesho